Raku, Hagi au Karatsu: bakuli gani la matcha likufae?

Watu wa chai nchini Japani wana msemo wa kupanga aina tatu za mabakuli ya udongo wanayonywea matcha, ile chai ya kijani iliyosagwa unga: kwanza Raku, pili Hagi, tatu Karatsu. Msemo huo ni wa watu waliokunywa chai nzito kwenye vyumba vidogo vya mikeka, wenye mabakuli kadhaa ya kubadilisha kwa misimu, na wenye nafasi ya kukausha kila moja siku mbili tatu kabla ya kulirudisha kwenye sanduku lake. Anayenunua bakuli lake la kwanza leo, na ambaye huenda akalitumia asubuhi kisha akaliacha kwenye sinki na kukimbilia kazini, tunamshauri aupindue msemo huo: Karatsu kwanza, Hagi pili, Raku mwisho.

Hatusemi hivyo kwa kuishusha Raku. Hakuna chombo kilichoishika fikra ya Zen, tawi la Ubuddha, kwa karibu zaidi ya Raku nyeusi. Lakini uzuri wa mabakuli haya unakamilikia mikononi mwa mtumiaji, na kila moja linadai kiasi chake cha uangalizi. Usipokitoa, bakuli la udongo laini linaota ukungu ndani ya mwili wake na kuanza kunuka, na harufu hiyo haiondoki kwa sabuni.

Kinachotafutwa kwenye bakuli

Yote matatu yamekulia kipindi kimoja, mwisho wa karne ya 16 na mwanzo wa karne ya 17. Sen no Rikyu (1522–1591), mfanyabiashara wa mji wa Sakai aliyejifunza Zen kwenye hekalu la Daitoku-ji huko Kyoto, aliipunguza karamu ya chai mpaka ikabaki na vile visivyoweza kuachwa. Chumba cha Tai-an, kinachohusishwa naye na kilichosimama hadi leo Yamazaki, kina mikeka miwili, kuta za udongo na vidirisha vya karatasi. Bwana wake Toyotomi Hideyoshi, mtawala wa Japani, alikuwa na chumba cha chai kilichopambwa kwa dhahabu, na shajara ya mfanyabiashara Kamiya Sotan inaeleza kwamba Hideyoshi hakupenda chai iandaliwe kwenye bakuli jeusi. Mwaka 1591 alimwamuru Rikyu ajiue.

Mwanafalsafa Hisamatsu Shin'ichi (1889–1980), mtu wa Zen na wa chai, alitaja sifa saba za sanaa ya Zen: pande zisizolingana, wepesi wa umbo, ukavu wa kitu kilichokomaa, uasilia usiolazimishwa, kina kisichojionyesha chote, kutofungwa na mazoea, na utulivu. Zikisomwa hivyo zinaonekana za mbali. Ukishika bakuli, zinapimika. Mdomo wa Raku hupanda na kushuka taratibu, mara nyingi ukiwa na vilele vitano, na mtu akilizungusha bakuli mkononi midomo yake inaona yenyewe mahali pa kunywea. Glezi, yaani ule utando wa kioo unaoyeyukia juu ya udongo, mara nyingi huishia kabla ya kufika chini ili udongo wenyewe uonekane. Rangi inanyamaza ili ukijani wa chai uonekane.

Sifa inayowaponza wanunuzi ni ya nne, uasilia. Fundi asiyeiva hulimaliza bakuli la mviringo kamili kwenye gurudumu, kisha huubonyeza mdomo kwa kidole na kukwaruza ubavu ili lionekane la kale. Kulitambua si kazi ngumu. Bakuli lililopinda kutokana na kazi yenyewe limepinda mwili mzima: mahali mdomo ulipoinuka na ukuta umebadilika unene, na uzito umejipanga upya ili lisimame imara. Lililobonyezwa lina dosari sehemu moja tu, kwingine kote ni mviringo wa mashine. Liweke mezani. Likicheza, liache. Kisha tazama ndani: hata bakuli lililopinda sana kwa nje linapaswa kuwa na sakafu iliyotulia, yenye kishimo kidogo cha kukusanyia chai ya mwisho.

Mahali pa pili pa kutazama, na kwa maoni yetu ndipo pa kwanza, ni kitako. Ligeuze bakuli chini juu. Wauzaji wengi wa mtandaoni hupiga picha ya juu na ya ubavuni tu. Omba picha ya kitako kabla ya kulipa. Hapo ndipo panaonekana udongo ni wa aina gani, umechongwa kwa kisu mara ngapi, na kama kuna mshono wa kalibu unaofichua kwamba bakuli limemiminwa kiwandani.

Raku

Raku ilianza na Chojiro, aliyefariki mwaka 1589, fundi wa Kyoto aliyefinyanga kwa mahitaji ya Rikyu. Ukoo wake unaendelea hadi sasa; Kichizaemon wa 16 alirithi jina hilo mwaka 2019. Udongo hauguswi na gurudumu. Fundi huutandaza uwe kama chapati nene, kisha huinua kingo zake kwa viganja viwili, kidogo kidogo, akizunguka, mpaka ukuta usimame na kujikunja ndani kidogo juu. Huuacha ukauke nusu, ugumu wa kukatika bila kumong'onyoka, halafu huuchonga kwa kisu cha chuma ndani na nje. Ukilishika bakuli lililokamilika utahisi kwa nini halina mviringo wa gurudumu: ukuta umefuata viganja vilivyouinua, nawe unaushika kwa viganja hivyo hivyo.

Glezi ya Raku nyeusi hutokana na mawe ya Mto Kamo unaopita Kyoto, mawe yenye chuma na manganizi, yaliyosagwa yakawa unga. Hupakwa kwa brashi tabaka juu ya tabaka, kila moja likisubiriwa likauke. Uchomaji wake hauna mfano kwenye mabakuli mengine. Tanuri ni dogo, linaingia bakuli moja, mkaa umelizunguka na mivukuto inapuliza hewa. Moto hufika karibu nyuzi 1200. Glezi ikiyeyuka na kung'aa, fundi huling'oa bakuli kwa koleo likiwa jekundu la moto na kuliweka nje lipoe ghafla. Kupoa huko kwa ghafla ndiko kunakoipa glezi weusi wake. Kwenye mabakuli mengi alama ya koleo hubaki ubavuni, doa dogo ambalo glezi imesogezwa, na hakuna anayelificha. Raku nyekundu huchomwa kwa moto mdogo zaidi, chini ya nyuzi 1000, chini ya glezi inayopitisha mwanga. Ni laini zaidi na hunywa maji zaidi.

Kazi ambayo Raku nyeusi haina mshindani ni chai nzito, koicha. Kwa kila mgeni huwekwa gramu 4 hivi za unga na maji kati ya mililita 30 na 40, kisha hukorogwa polepole mpaka iwe nzito na yenye kung'aa. Bakuli moja huzunguka kwa wageni watatu au wanne, kwa hiyo chai lazima ibaki na moto hadi kwa wa mwisho. Ukuta mnene wenye vitundu vidogo vya hewa hauruhusu joto litoke upesi: chai inabaki moto, viganja haviungui. Na ndani ya weusi ule, ukijani wa unga mzuri huonekana kuliko kwenye rangi nyingine yoyote.

Sasa madhaifu yake. Umbo lake ni la kina, kuta zimesimama, nafasi ya chini ni finyu. Kwa chai nyepesi yenye povu, usucha, chasen (kile kipigio cha mwanzi chenye meno membamba) unahitaji kwenda na kurudi haraka, na kwenye Raku ya umbo la kale unagonga ukuta kila mara. Anayejifunza atapata chai yenye mabonge na povu la upande mmoja, kisha ataulaumu unga. La pili, mwili wake ni laini. Ukigonga mdomo kwenye bomba la sinki unabanduka. La tatu ni ukaushaji, tutakaourudia, kwa sababu ndio unaoharibu Raku nyingi kuliko kuanguka.

Kuna onyo moja ambalo linahusu afya. Nje ya Japani jina la Raku limepewa pia mbinu tofauti, iliyoenezwa Marekani kuanzia miaka ya 1960 na mfinyanzi Paul Soldner: chombo hutolewa tanurini kikiwa chekundu na kutumbukizwa kwenye maranda ya mbao au majani makavu, moshi ukaingia ndani ya udongo. Matokeo yake ni mng'ao wa shaba, rangi za upinde wa mvua, na mistari mieusi iliyopasuka juu ya glezi nyeupe. Vyombo hivyo vinapendeza kutazama, lakini udongo wake kwa kawaida haujashikana na glezi zake nyingi zina metali zinazoweza kuingia kwenye kinywaji. Usinywee humo. Vilevile, Raku nyekundu za zamani zilipakwa glezi yenye risasi; ukikutana na bakuli la mitumba lisilojulikana historia yake, liwe la kabatini.

Kwa bei, Raku ya ukoo wenyewe ni ya majumba ya makumbusho na wakusanyaji, yeni mamilioni. Njia ya mtu wa kawaida ni karakana nyingine zinazofuata mbinu hiyo. Mojawapo ya kale ni Ohi ya Kanazawa, iliyoanza mwaka 1666 na mwanafunzi wa Ichinyu, mkuu wa nne wa ukoo wa Raku. Ohi hufinyangwa kwa mkono vilevile, ila glezi yake ni ya kahawia ya asali, na kuta zake mara nyingi zimefunguka kidogo, jambo linalorahisisha povu. Mtu aliyevutwa na Raku lakini anakunywa usucha kila siku aangalie Ohi kwanza.

Hagi

Hagi ni mji wa pwani katika mkoa wa Yamaguchi. Bwana wa kivita Mori Terumoto, baada ya upande wake kushindwa vita vya Sekigahara mwaka 1600, alihamishia makao yake huko mwaka 1604, akiwa na wafinyanzi ndugu wawili kutoka Korea, Yi Jak-gwang na Yi Kyeong. Wafinyanzi wengi wa Korea walipelekwa Japani wakati wa uvamizi wa Hideyoshi wa 1592 hadi 1598, si kwa hiari yao, na hilo ni sehemu ya historia ya mabakuli haya ambayo mnunuzi anastahili kuijua. Yi Kyeong alipewa jina la Koraizaemon, na ukoo wake wa Saka uliendeleza kazi hiyo.

Udongo mkuu wa Hagi huitwa Daido, wa rangi ya maziwa, wenye mchanga. Huchanganywa na Mitake, udongo mweupe mlaini, na wakati mwingine Mishima, udongo mwekundu wenye chuma kutoka kisiwa cha jina hilo. Mchanganyiko huo huchomwa taratibu lakini haushikani ukawa jiwe. Juu yake huwa na glezi ya felispa (aina ya madini ya mawe) na majivu, na kwa Hagi nyeupe, majivu ya mabua ya mpunga. Glezi na udongo havisinyai kwa kiasi sawa vinapopoa, basi glezi hupasuka nyufa nyembamba za wavu, bakuli zima.

Nyufa hizo ndizo sababu ya watu kuipenda Hagi. Kila chai inayotiwa hupenya kidogo. Baada ya miezi, bakuli lililokuwa na rangi ya waridi hafifu au ya krimu huanza kuonyesha mistari ya kahawia, kisha madoa laini, kisha eneo zima karibu na sakafu hubadilika. Wajapani huyaita mageuzi saba ya Hagi. Hakuna bakuli lingine kati ya haya matatu linaloandika matumizi yake waziwazi namna hii, na anayetaka kuona kwa macho kwamba kitu kinapevuka kwa kutumiwa, Hagi ndiyo yake.

Ila siku ya kwanza Hagi mpya inaweza kuvuja. Unatia chai, unakunywa nusu, unaliinua bakuli na kukuta duara la unyevu juu ya meza. Ukipangusa kitako, vitone vinarudi. Wanunuzi wengi hulirudisha dukani wakidhani lina ufa. Halina. Vitundu vya udongo bado viko wazi, na vitaziba vyenyewe kwa chai, au mapema zaidi ukivisaidia kwa wanga kama tutakavyoeleza. Kama baada ya wiki tatu nne za matumizi bado linatoa matone, si unyevu, hapo kuna ufa kweli: ligonge kwa ukucha na usikilize. Zima hutoa mlio mfupi mnene. Lenye ufa hukwaruza.

Kwa umbo, Hagi nyingi hufuata mabakuli ya Kikorea: mdomo mpana, kuta zinazofunguka, sakafu ya mviringo. Chasen inajisikia nyumbani. Kitako mara nyingi kimekatwa pengo moja au zaidi, alama inayotambulisha Hagi ingawa si Hagi pekee yenye nayo.

Jambo moja ambalo ni la lazima kulitaja kwa wasomaji wetu: matcha iliyoingia kwenye mikahawa ya miji yetu kwa kawaida ni ya maziwa na sukari. Usitie maziwa kwenye Hagi wala Raku. Mafuta ya maziwa yanaingia kwenye nyufa, yanachacha humo, na bakuli halirudi tena. Kama chai yako ni ya maziwa, swali limeshajibiwa: chukua Karatsu iliyochomwa vizuri, au bakuli la kauri gumu lolote.

Karatsu

Karatsu iko Saga, kisiwani Kyushu, upande unaotazama Korea. Matanuri yake ya kwanza yalikuwa Kishidake, mwishoni mwa karne ya 16, na mbinu zake ni za Kikorea: gurudumu la kuzungushwa kwa mguu, na tanuri refu la vyumba vilivyopanda mlimani ambalo moto wa kuni hupita chumba hadi chumba. Udongo una mchanga na chuma. Huchomwa kwa moto wa juu, karibu nyuzi 1250 na kuendelea, ukashikana vizuri zaidi ya Hagi. Haikuanza kama chombo cha chai pekee. Matanuri hayo yalitoa sahani, mitungi na vikombe vya kila nyumba, na ule unyenyekevu wa chombo cha jikoni umebaki.

Aina zake ni nyingi, tatu zinatosha kwa mnunuzi. E-garatsu imechorwa kwa rangi ya chuma chini ya glezi, majani mawili matatu ya nyasi kwa mikupuo michache ya brashi. Ukiona mchoro umejaza bakuli zima, fundi hakuielewa. Madara-garatsu ina glezi nyeupe ya majivu ya mabua ya mpunga, yenye madoa ya bluu na kahawia pale chuma cha udongo kilipopanda. Chosen-garatsu ina glezi mbili, nyeusi na nyeupe, zilizokutana na kuteremkiana. Inavutia, lakini ina makelele zaidi ya zile mbili na hatuipendekezi kwa bakuli la kwanza.

Kitako cha Karatsu ni somo peke yake. Fundi hukichonga kwa mkupuo mmoja wa kisu udongo ukiwa bado na unyevu, na kwa kuwa udongo una chembe za mchanga, uso wake huraruka ukafanya makunyanzi madogo, yaliyoachwa bila glezi. Mara nyingi duara la ndani halikai katikati ya duara la nje, hivyo ukingo wa kitako ni mnene upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na katikati pana kichuguu kidogo. Vitu hivyo vitatu haviigiki kwa kalibu. Ukivikuta pamoja na ukavipapasa kwa kidole gumba, umeshika kazi ya mkono.

Watengenezaji wa Karatsu husema fundi amalize sehemu nane, mbili zilizobaki amwachie mtumiaji. Mabadiliko yake ni ya polepole: glezi hupata mng'ao wa ndani, kitako huwa cheusi kidogo kwa kushikwa. Haitakushangaza kama Hagi. Kwa upande wa pili inavumilia wali, supu, maziwa, na mtu aliyesahau kuiosha hadi jioni. Dosari zake ni mbili. Joto hupita haraka zaidi kuliko kwenye Raku, kwa hiyo ulishike kwa kitako na mdomo mpaka lipoe kidogo. Na baadhi yake zina chembe za mchanga zilizochomoza ndani. Hizo hukata meno ya chasen. Pitisha ncha ya kidole kwenye sakafu na sentimita 3 za ukuta wa chini. Panapokwaruza kidole, chasen haitadumu.

Kulitayarisha na kulitunza

Hapa ndipo tofauti za mabakuli matatu zinapokuwa kazi ya mikono.

Hagi mpya, na Karatsu yenye udongo wa mchanga ulio wazi, zichemshwe mara moja kabla ya kutumika. Osha mchele, hifadhi maji yale meupe ya kwanza. Weka kitambaa chini ya sufuria ili bakuli lisigonge chuma, lizamishe kwenye maji hayo yakiwa ya baridi, washa moto mdogo. Yakianza kutokota, yaache dakika 20 hadi 30, zima, na usilitoe. Lipoe humo humo mpaka maji yawe baridi kabisa, kwani wanga huingia kwenye vitundu wakati wa kupoa. Suuza kwa maji safi, kausha siku tatu. Makosa mawili ya kawaida: kulitumbukiza bakuli baridi kwenye maji yanayochemka, jambo linaloweza kulipasua, na kutumia maji ya mchele yaliyolala, ambayo yanaacha harufu ya uchachu.

Raku usiichemshe kabisa. Ilowekwe tu kwenye maji vuguvugu kwa saa moja siku ya kwanza.

Kabla ya kila chai, Raku na Hagi ziwekwe kwenye maji vuguvugu dakika 10 hadi 15. Udongo ukishiba maji safi, chai haivutwi kwa nguvu. Hapo Hagi hugeuka rangi polepole na kwa usawa badala ya kupata doa moja baya. Karatsu yatosha kuijaza maji ya moto, kuyamwaga na kuipangusa. Chasen nayo ilowekwe dakika moja ili meno yasikatike.

Kwa usucha: gramu 2 za unga uliochekechwa, mililita 70 za maji ya nyuzi 80. Anza polepole kuvunja mabonge, kisha peleka chasen mbele na nyuma haraka kwa kifundo cha mkono kwa sekunde 15 hadi 20, ukiinua kidogo mwishoni. Bakuli linalofaa kwa hili lina kipenyo cha sentimita 12 hivi, kimo cha 7 hadi 8, na uzito wa gramu 300 hadi 400. Maji ya kuchemka huleta uchungu, na mtu akidhani bakuli lake jipya linabadilisha ladha, mara tisa kati ya kumi tatizo ni joto la maji.

Baada ya kunywa, osha kwa maji ya moto na mkono. Sabuni isiguse Raku wala Hagi, kwani itabaki ndani na utaionja kesho. Mashine ya kuoshea vyombo na maikrowevu zisahaulike kwa yote matatu. Pangusa, kisha liache mahali penye hewa, kitako kikiwa juu au ubavu, si kwenye jua kali. Kitako ndicho kinachochelewa kukauka, na mtu akiliweka bakuli limesimama kawaida juu ya meza, unyevu unafungiwa chini. Kwenye nyumba kavu siku mbili zinatosha. Mombasa, Dar es Salaam, Zanzibar au Muscat wakati wa unyevu mwingi, hesabu siku nne au tano kwa Hagi na Raku kabla ya kulifunga sandukuni. Huko pwani kuwa na bakuli moja la Raku la kila siku hakuwezekani. Litakuwa na unyevu daima. Madoa ya kijivu yenye harufu ya stoo yakitokea, liloweke kwenye maji moto yanayobadilishwa mara kadhaa na ulikaushe wiki nzima. Yakiingia chini ya glezi, hayatoki.

Sanduku la mti wa kiri na kitambaa cha njano vinavyokuja na bakuli visitupwe. Sanduku lenye saini ya fundi ni sehemu ya thamani yake, na kitambaa hicho kwa desturi hutiwa rangi kwa manjano, ile ile ya kwenye viungo vyetu, kuzuia wadudu.

Kama hakuna hata moja kati ya haya

Hagi na Karatsu za karakana za kawaida huanzia yeni elfu kadhaa, za mafundi wenye jina hufika makumi ya maelfu, na usafirishaji juu yake. Asiye na fedha hizo hajafungiwa mlango. Bakuli maarufu la Kizaemon, lililohifadhiwa Koho-an ndani ya Daitoku-ji na kutangazwa hazina ya taifa la Japani, lilitoka Korea, na wengi wanaamini lilikuwa chombo cha kawaida cha kulia. Watu wa chai waliliona, wakalichagua. Kuchagua chombo kilichotengenezwa kwa kazi nyingine ni desturi halali ya chai tangu enzi za Rikyu.

Basi nenda kwa mfinyanzi wa karibu. Vyungu vyetu vya asili vinavyochomwa kwa moto wa wazi bila glezi havifai kwa matcha: vinavuja, vinatia ladha ya udongo, na uso wao unakula chasen. Tafuta karakana inayochoma kwa tanuri la moto wa juu na kupaka glezi. Mweleze vipimo vya hapo juu, mwombe rangi moja iliyofifia, glezi iishie sentimita moja kabla ya kitako, ndani pawe laini bila kona kati ya sakafu na ukuta. Uliza kama glezi hiyo ni ya vyombo vya chakula na haina risasi. Fundi anayeijua kazi yake atakujibu mara moja. Ukilipata, lijaze maji, liweke juu ya gazeti usiku kucha. Asubuhi gazeti likiwa kavu, pitisha chasen kavu ndani mara mbili tatu bila kukandamiza. Isiponasa popote, lipa.